Feni ya ThinkPad na Maneno ya Vijiweni

Kijiwe cha mafundi hakikosi mtu wa kusema kwamba Linux inaunguza laptop. Hoja yake ni kuwa Windows hudhibiti feni, Linux haidhibiti, basi mashine inajipika taratibu. Sivyo. Kwenye ThinkPad feni haisubiri Windows wala Linux. Chipu ndogo kwenye madabodi husoma joto na kuizungusha feni kwa ratiba ya kiwandani, ndiyo maana huisikia ikizunguka hata ukiwa bado kwenye BIOS. Moduli ya Linux iitwayo thinkpad_acpi huiazima tu feni hiyo kutoka kwa chipu.

Dai la pili ni la waliokwisha kuionja moduli hiyo: kelele ya feni ikikukera, andika "level 2" kwenye /proc/acpi/ibm/fan, kazi imekwisha. Kwanza hutakubaliwa. Waandishi wa moduli walifunga mlango huo makusudi, kwa usalama. Hata root anakataliwa mpaka uweke mstari "options thinkpad_acpi fan_control=1" katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, kisha uipakie moduli upya. Wengine huandika sudo echo na mshale wa > halafu wakaitukana moduli, kumbe mshale ule unatekelezwa na sheli yao wenyewe, isiyo na mamlaka. Amri inayofika ni hii: echo level 2 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan.

Ukishakubaliwa ndipo hatari inapoanza. Namba hiyo imeiachisha chipu kazi. Feni itabaki level 2 prosesa ikiwa na nyuzi 45, na itabaki level 2 ikifika 95, wala hakuna anayeangalia. Moduli ina kipima muda, watchdog, kinachoweza kuwekwa hadi sekunde 120 ili kiiokoe feni amri zikikatika, lakini ni wewe wa kukiwasha. Kinachotakiwa ni programu inayokaa macho muda wote, na kwa ThinkPad hiyo ni thinkfan. Unaipa kila ngazi mpaka wa chini na wa juu, na mipaka lazima ipishane: ngazi ya kwanza ikiishia nyuzi 60, ya pili isirudi chini mpaka joto lishuke kwenye 54 hivi. Usipoacha nafasi hiyo, feni itapanda na kushuka bila kutulia, na kelele hiyo inakera kuliko ile uliyoikimbia. Ukichoka, "level auto" inairudishia chipu kazi yake.

"Prosesa inajilinda, weka level 0 ulale." Nusu ya maneno haya ni kweli. Ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi, na joto likizidi mashine hujizima. Ila inajilinda yenyewe tu. Betri na SSD zimo ndani ya boksi hilohilo, zinaoka. Usinakili pia mpangilio wa mtu wa Ujerumani ambaye chumba chake kina nyuzi 20. Dar es Salaam mwezi wa Januari chumba chenyewe kinaanzia 30. Na kama laptop ni ya mtumba, mara nyingi kelele ni vumbi kwenye mapezi ya kupozea na pesti iliyokauka juu ya prosesa. Bisibisi kwanza, thinkfan baadaye.

Eti "level disengaged" inaua feni? Inaizungusha kupita level 7, na ukiiacha hivyo daima beringi zitachakaa mapema. Kwa majaribio ya dakika chache haina neno.

Kuna pia wanaodai pwmconfig inatosha kwa laptop yoyote. Chombo hicho cha lm-sensors kinahitaji faili za pwm za kuendeshea feni, na laptop nyingi hazizionyeshi. Dell ina moduli yake, dell-smm-hwmon. Kwa nyingine watu hujaribu programu ya NBFC. Hata ukitumia thinkfan, usiandike kihisio kwa namba, kama hwmon3, kwenye /etc/thinkfan.yaml ukadhani umemaliza, kwa sababu namba hiyo inaweza kubadilika mashine ikiwashwa tena. Taja kihisio kwa jina, coretemp kwa prosesa za Intel.