Faili Bila Risiti ni Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliwaambia wafanyabiashara, lakini siku hizi msemo huu unawahusu sana waandishi wa programu. Katika insha hii nadai kwamba desturi ya kuhamisha mafaili kati ya programu kwa kuyaweka katika folda ya pamoja, kisha kusubiri programu ya pili ije kuyachukua kwa ratiba, ni desturi mbovu inayowaumiza watu, na inapaswa kuachwa. Mahali pake pawekwe foleni ya ujumbe. Tena nadai kwamba foleni hiyo isibebeshwe mafaili yenyewe, bali ibebe risiti zake.

Tuanze na wanaoumia. Chukua mfano wa karo. Wanafunzi wanalipa benki mchana kutwa. Saa sita usiku programu ya benki inaanza kuandika faili la malipo ya siku hiyo kwenye seva. Saa sita na nusu programu ya chuo inafungua folda, inasoma faili na kuingiza majina katika orodha ya waliolipa. Mambo yanakwenda vizuri mpaka ifike siku ya mwisho ya kulipa, ambapo faili ni kubwa kuliko siku zote. Saa sita na nusu linakuwa bado linaandikwa, na programu ya chuo haina njia ya kujua hilo. Inasoma mistari iliyokwisha kufika, inafikia mwisho wake, inaridhika, kisha inalihamishia faili katika folda ya kazi zilizokamilika. Mistari iliyobaki inaendelea kuandikwa humo humo, mahali ambapo hakuna atakayeisoma. Asubuhi wenye majina hayo wanazuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, risiti ya benki mkononi. Wakiuliza, wanaambiwa mtandao ulisumbua.

Mtandao haukusumbua. Kila programu ilifanya kama ilivyoagizwa. Kilichokosekana ni ya kwanza kusema, "Nimemaliza kuandika," na ya pili kujibu, "Nimepokea na nimeshughulikia." Folda haina uwezo wa kusema maneno hayo mawili. Abhay Bhushan alipoandika itifaki ya FTP mwaka 1971, akiwa MIT nchini Marekani, alitatua tatizo la kusafirisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Alilitatua vizuri, ndiyo maana FTP imeishi zaidi ya miaka 50. Lakini kufika kwa faili ni jambo moja, na kufanyika kwa kazi iliyomo ni jambo jingine. Sisi tumechukua chombo cha jambo la kwanza tukakitwisha la pili.

Foleni ya ujumbe inafanya nini tofauti? Kati ya programu mbili kunawekwa programu ya tatu inayotunza ujumbe. Mtumaji anaukabidhi ujumbe kwake na kujibiwa kwamba umepokelewa. Mpokeaji anauchukua, anafanya kazi, kisha anatoa uthibitisho. Mpokeaji akizimika kabla ya kuthibitisha, ujumbe unarudishwa kwenye foleni na kutolewa tena. Hakuna kubahatisha saa. Hakuna faili linalosomwa kabla halijakamilika, kwa sababu mtumaji hatumi ujumbe mpaka amalize kuandika. Teknolojia hii si ngeni: IBM ilitoa MQSeries mwaka 1993, na RabbitMQ imekuwapo tangu 2007.

Najua hoja za wapinzani wangu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Wa kwanza husema: andika faili kwa jina la muda, ukimaliza ulibadilishe jina, na mpokeaji asome mafaili yenye jina la mwisho tu. Hoja hii ni nzuri, na katika diski moja inafanya kazi. Lakini inatibu ugonjwa mmoja kati ya mitatu. Haimwambii mtumaji kama mpokeaji amemaliza kazi au ameanguka katikati. Wala haizuii programu mbili za upokeaji kulishika faili moja na kuingiza malipo mara mbili. Ukitaka kuziba mianya hiyo utaongeza faili la kufuli, kisha faili la alama, kisha programu ya kufagia makufuli yaliyosahaulika. Mwishowe utakuwa umejijengea foleni yako mwenyewe, na itakuwa mbovu kuliko ile unayoweza kuipata bure.

Wa pili husema foleni ni anasa ya makampuni makubwa. Si kweli. RabbitMQ hailipiwi, na kwa kazi za taasisi ya kawaida haihitaji mashine ya ajabu. Asiyetaka kutunza programu nyingine anaweza kutumia jedwali katika hifadhidata aliyonayo. PostgreSQL tangu toleo la 9.5 inamruhusu mpokeaji kuchukua safu ambayo mwenzake hajaishika, na hiyo yatosha kuanzisha foleni ndogo. Wanaolalamikia gharama hawahesabu siku ambazo makarani hutumia kutafuta majina yaliyopotea.

Wa tatu ni hatari zaidi, kwa maana wako upande wangu. Hawa wameipenda foleni mno hata wanataka kupitisha kila kitu humo: picha za eksirei, video, nakala za hifadhidata nzima. Foleni si lori. Kafka isipobadilishwa mpangilio hukubali ujumbe wa megabaiti 1 hivi, na MSMQ ya Microsoft ilikomea megabaiti 4. Mipaka hiyo ina sababu yake. Ujumbe mzito hujaza kumbukumbu ya seva, na ujumbe mwepesi ulio nyuma yake hukwama kama pikipiki nyuma ya trela kwenye barabara nyembamba. Wengine hulikata faili vipande mia na kutuma kila kipande peke yake. Sasa mpokeaji lazima avipange, angoje kilichochelewa, na aamue afanye nini kimoja kisipofika. Ni kazi ile ile ambayo itifaki za kuhamisha mafaili zilikwisha kuifanya.

Njia iliyo sawa iliandikwa mwaka 2003 na Gregor Hohpe na Bobby Woolf katika kitabu chao Enterprise Integration Patterns. Kila msafiri wa basi anaijua. Mzigo unaingia butini na kupewa kibandiko chenye namba. Wewe unakaa kitini na kipande chako. Hivyo hivyo, faili liwekwe kwenye hifadhi, na ujumbe ubebe mahali lilipo, ukubwa wake, namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, na kitambulisho kisichojirudia. Ujumbe wa namna hiyo hauzidi kilobaiti chache hata kama faili ni la gigabaiti kumi.

Sidai kwamba foleni inatibu kila kitu. Ina masharti, na asiyeyafuata atalia kilio kile kile. Kwanza, faili litangulie na ujumbe ufuate. Kinyume chake ni kumpa mtu risiti ya mzigo usiokuwepo. Pili, mpokeaji athibitishe baada ya kazi kuandikwa katika hifadhidata, si mara tu baada ya kupokea. Tatu, ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili, kwa hiyo kitambulisho kikaguliwe ili malipo yasirudiwe. Nne, foleni na ujumbe vyote viwekwe katika hali ya kudumu kwenye diski, maana umeme hukatika bila kubisha hodi. Tano, ujumbe ulioshindikana mara kadhaa upelekwe kwenye foleni ya pembeni, na awepo mtu mwenye wajibu wa kuitazama kila asubuhi. Sita, iwekwe siku maalumu ya kufuta mafaili yaliyokwisha kazi, la sivyo hifadhi itajaa.

Masharti sita si mengi kwa mfumo unaoamua nani aingie mtihanini, nani alipwe mshahara, au jibu la damu la mgonjwa gani limfikie daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni hiyo folda ya pamoja ambayo tunafundishwa mwaka wa kwanza na hatufundishwi kuiacha. Wenzangu mnaosomea kompyuta, mtakapokabidhiwa mfumo wa namna hii, muulizeni aliyewatangulia swali moja: faili la jana usiku, nani alithibitisha kwamba limeshughulikiwa lote, na uthibitisho huo umeandikwa wapi? Asipoweza kuwaonyesha, basi hapo ndipo pa kuanzia kazi.