Baridi ya Dodoma haina kosa

Leo hatuna mapishi wala mishono. Leo tumekasirika, na tunaomba mtusome hivyo hivyo.

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliolewa na mtumishi wa serikali. Serikali ilipohamia Dodoma na wao wakahamia, wakapanga nyumba Mkonze. Baada ya uzazi wa pili, akiwa na miaka 31, akaanza kuamka alfajiri mgongo umekaza kama ubao. Kurukuu hawezi, na akisujudu hainuki mpaka ashike kitanda. Ikifika adhuhuri anasali kama kawaida. Usiku wa manane maumivu ya nyonga yanamwamsha, anazunguka uani mpaka yapoe, ndipo anarudi kulala.

Kila aliyemsikia alikuwa na jibu. Jirani alisema ni baridi, nyinyi watu wa pwani hamjaizoea. (Mwezi wa saba upepo wa Dodoma unakata kweli, lakini yeye aliumwa hata mwezi wa kumi na moja, jua linachoma.) Mama mkwe akasema ni mgongo wa uzazi, hukukandwa vizuri. Kituo cha kwanza walimwambia taifodi na yutiai. Cha pili gauti, akakatazwa nyama nyekundu na maharage, ilhali mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra sana kuugua gauti. Cha tatu wakampiga eksirei, picha ikatoka safi, wakamwambia hana kitu. Na sisi? Tulimtumia mafuta ya habbasoda na sauti za WhatsApp za kumwambia avute subira. Tumo katika lawama hii, hatujitoi.

Ikapita miaka minne. Aliyegundua ni daktari wa macho. Jicho moja lilimwiva likawa jekundu, likauma, mwanga haliwezi. Daktari akaliangalia, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: asubuhi mgongo wako unakuwaje?

Swali hilo moja! Mgongo uliochoshwa na kazi hupata nafuu ukilala, na huuma zaidi ukiinama. Mgongo wenye uvimbe wa ndani ni kinyume chake: kulala unauzidisha, kutembea unaupunguza, na asubuhi hukaza zaidi ya nusu saa. Huanza kabla ya miaka 45, tena polepole, na haupiti kwa miezi. Dada yetu alikuwa na saa ya kuupimia mara tano kwa siku. Alfajiri hawezi, adhuhuri anaweza. Alilisema hilo katika kila kituo alichofika, na kila kituo kiliandika "maumivu ya mgongo" na diklofenaki. Picha safi nayo haikuwa ushahidi wa kitu, kwa sababu eksirei inaweza kukaa miaka bila kuonesha ugonjwa huu.

Jina tulilolizoea nalo linatupoteza. Baridi yabisi ni lugha ya tiba ya zamani, iliyogawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu; yabisi ni ukavu tu. Ndiyo maana mtu akiumwa viungo tunamnunulia sweta. Ugonjwa huu ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Sweta haliufikii.

Hatusemi kila mgongo ni huo. Kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, kuna bruselosi ya maziwa mabichi, na kwenye nchi ya ng'ombe kama Dodoma hayo ni ya kuangaliwa. Lakini hayo pia hayaonekani mtu akipewa sindano ya maumivu na kurudishwa nyumbani.

Uchelewaji huu si wetu peke yetu. Huko Uingereza wenye ugonjwa huu wa mgongo husubiri wastani wa miaka 8 hivi kabla ya kujulikana, na wanawake huchelewa kuliko wanaume, kwa vile ulidhaniwa muda mrefu kuwa maradhi ya vijana wa kiume. Kwetu ongezeni kwamba madaktari bingwa wa viungo wanahesabika kwa vidole.

Kuna na ndugu yake, ule wa mikono, ambao huwapata zaidi wanawake. Vifundo vya mikono yote miwili vinavimba, pete haivuliki asubuhi, chapati haikandiki. Huo una methotreksati, kidonge cha mara moja kwa wiki (si kila siku, na si kwa mjamzito), kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kikianza miezi ya mwanzo huokoa vidole. Vikishapinda, hakivinyooshi.

Sasa tuseme na masheikh wetu na mashoga zetu wa darsa. Nabii Ayyub (a.s.) ndiye mfano wetu wa subira, naye alimwomba Mola wake amwondolee dhara. Hakunyamaza. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi mwanamke anayeswali juu ya kiti akiwa na miaka 33 asiambiwe mashaallah ana subira. Aulizwe tangu lini.

Mlioko Mkonze, mkienda kituoni andikeni karatasi: umeanza lini, asubuhi unakaza kwa muda gani, usiku unaamka saa ngapi, ukitembea unakuwaje, macho yamewahi kuiva, nani katika ukoo anao. Ombeni rufaa kwa maneno, msisubiri kupewa. Mjini Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Dada yetu sasa anatumia dawa kwa vipimo vya daktari na kujinyoosha kila siku, alhamdulillah. Pingili za chini zimeshashikana, na hizo hazirudi. Alfajiri bado anasujudu kwa kushika kitanda.