Kidonge cha Boti Kisiuzwe Kimya

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni kocha wa timu ya vijana hapa Unguja, na safari zetu za Pemba mara nyingi huangukia miezi ya kusi. Anayeujua mkondo wa Nungwi wakati huo hahitaji kusimuliwa. Msimu uliopita, kabla ya kupanda boti, wachezaji wangu sita walinunua dawa ya kutapika. (Ndivyo tunavyoiita, ingawa kazi yake ni kuzuia kutapika.) Muuzaji alichukua mkasi akawakatia viwili viwili, akapokea pesa. Jina la dawa lilibaki kwenye kile kipande alichokirudisha kabatini.

Kweli, hakuna aliyetapika. Lakini jioni ile uwanjani golikipa wangu alikuwa anaruka mpira ukishapita. Beki mmoja, kijana asiyeteleza hata kwenye tope, alianguka mara tatu akigeuka, na uwanja ulikuwa mkavu. Niliwagombeza kwa uvivu. Nilikosea, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mfamasia na kwenye vitabu.

Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi. Botini macho yanaona kiti kimetulia, sikio linasema tunapanda na kushuka, na katika ubishi huo moyo unachafuka. Asiye na sikio hilo zima haguswi. Mwaka 1882 mwanafalsafa wa Marekani, William James, aliandika kuhusu viziwi waliozungushwa wasipate kisunzi. Promethazini, sinarizini, dimenhidrineti na hayosini zote hutuliza ubishi huo, kila moja kwa namna yake, kwa kufifisha habari zinazotoka sikioni na kuuzubaisha ubongo kidogo. Ila habari hizo hizo ndizo zinazomfanya beki ageuke bila kuanguka, na bibi ashuke ngazi ya boti bila kushikwa mkono.

Boti ikifunga gati Mkoani, Pemba, abiria hushuka, kidonge hakishuki. Athari za promethazini zaweza kumkaa mtu hata kwa muda wa saa kumi na mbili. Kibandiko cha hayosini kinachowekwa nyuma ya sikio hufanya kazi siku tatu, tena hutanua mboni za macho, mtu akaona vya karibu kwa ukungu. Zaidi ya hayo, hayosini na promethazini hupunguza jasho. Katika joto letu, mchezaji asiyetoka jasho vizuri yuko hatarini, hata kama anajiona mkavu na mwepesi.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba mtu anaweza kuwa amezubaa na asijijue. Dimenhidrineti iligunduliwa kuwa dawa ya safari kwa bahati huko Baltimore mwaka 1947: mama mjamzito aliyepewa kwa ajili ya vipele alirudi akasema hata tramu haimchafui tena. Mwaka uliofuata ikajaribiwa kwa askari waliokuwa wakivuka Atlantiki. Sasa, ndani ya dawa hiyo mna difenhidramini. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwapa watu 40 difenhidramini siku moja na pombe siku nyingine, wakawaendesha gari la kuigiza. Walipokunywa difenhidramini waliendesha vibaya kuliko walipokunywa pombe, na kujihisi na usingizi au kutojihisi hakukuonyesha nani angekosea. Basi yule dereva wa bodaboda anayeshuka botini akaniambia "Mimi niko sawa, kocha," neno lake halitoshi.

Sikuandika nikitaka dawa hizi zipigwe marufuku. Aliyewahi kumshika mama yake kichwa kutoka Malindi ya Unguja hadi Mkoani hawezi kutaka hivyo. Pia sidai kwamba tangawizi inatosha. Mimi hutafuna, na siku nyingine hainisaidii kitu.

Ninaloomba ni dogo. Kidonge chochote cha safari kinachokatwa kutoka pakiti kitolewe ndani ya kibahasha chenye maandishi ya Kiswahili: jina la dawa, saa ya kumeza, na onyo kwamba inaleta usingizi na kuyumba, hivyo mtumiaji asiendeshe chombo, asipande mnazi wala asiichanganye na pombe. Na kwa promethazini, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Uingereza dawa ya aina hii hutoka dukani na onyo la usingizi na kutoendesha. Muuzaji wa bandarini anaweza kuandikiwa maneno hayo mara moja, kazi yake ikabaki kuweka kidonge na kukunja.

Ombi la pili ni kwa wakaguzi wako: wapite bandarini alfajiri, kabla ya boti ya kwanza, maana biashara yenyewe hufanyika saa hiyo. Timu yangu inavuka tena mwezi ujao. Safari hii tunatangulia siku moja, tulale Pemba ndipo tucheze, na gharama ya usiku huo tumechangishana wenyewe.

Wako,
Kocha wa timu ya vijana, Unguja