MUNGANGA SI KAZI MOJA



Kijana mmoja wa Masisi, mtoto wa mchimba koltani, amepata diploma yake ya Serikali. Baba ameuza mbuzi, wajomba wameongeza, na ukoo mzima umetoa amri moja: "Uende ukasome udaktari." Kijana akaja kwetu na swali. Alisema: "Wazee wangu, nataka kazi ya kuponya watu. Lakini nikiingia hospitali naona watu wengi wenye makoti meupe, na wote wanaitwa munganga. Sijui niwe yupi kati yao."

Waliokuwapo walimcheka. Sisi hatukumcheka, maana hilo ni swali ambalo babu zake hawakupewa nafasi ya kuliuliza.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Wakati wa Bula Matari mtoto mweusi aliyependa kazi ya dawa aliwekewa dari juu ya kichwa. Aliweza kuwa mwuguzi. Tangu 1936 palikuwa na shule Léopoldville ya kufundisha wasaidizi wa madaktari, na huko ndiko juu kabisa alikoweza kufika. Msaidizi huyo alisoma miaka mingi, alijua kazi, lakini alibaki chini ya daktari Mzungu mpaka mwisho wa maisha yake ya kazi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu, na udaktari hausomwi kwa siku mbili. Basi tarehe 30 Juni 1960 bendera ilipopanda, nchi nzima ya Kongo haikuwa na daktari hata mmoja mwana wa nchi. Mamia ya madaktari wa kigeni wakafunga masanduku yao. Ikabidi wasaidizi kadiri ya 60 wapelekwe Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi madaktari kamili. Walikuwa na uwezo huo siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Leo ruhusa ipo. Lakini twaona jambo la kusikitisha: dari ya Bula Matari tumeiondoa, kisha sisi wenyewe tumejenga mlango mmoja mwembamba na kumsukumia kila mtoto humo. Asiyekuwa daktari tunamwona ameshindwa. Hapo tunakosa, na kosa hili linaua watu.

Tazameni Walikale. Eneo lake lapita kilometa za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Mama anashikwa na uchungu usiku, mtoto hatoki. Vijana wanamweka juu ya kipoyi, wanatembea katika matope hadi penye njia ya pikipiki. Akifika hospitali akiwa hai, ni nani atakayemwokoa? Wa kwanza ni mkunga, ambaye kwa mkono na sikio lake anatambua kwamba hapa pana hatari. Wa pili ni mtu wa labo, anayepima damu na kusema ni ya kundi gani, ili mama asitiwe damu ya kumwua. Wa tatu ni yule wa dawa ya usingizi, anayemlaza na kulinda pumzi yake. Ndipo daktari anashika kisu. Nyuma yao yuko aliyechemsha vyombo, aliyetunza dawa zisioze, na mwuguzi atakayekesha hadi asubuhi. Mmoja wao akikosekana, daktari mwenye diploma kubwa atasimama mikono mitupu, na mama atakufa mbele yake.

Na ninyi wachimba madini, mwajua jambo hili kuliko wote. Shimo likibomoka Rubaya au Bisie na mguu ukavunjika, daktari atauunga. Lakini nani atapiga picha kuonyesha mfupa umevunjika wapi? Na baada ya miezi miwili, nani atakayeufundisha mguu huo kutembea tena, ili mtu arudi kazini badala ya kukaa mlangoni akiomba? Hiyo nayo ni kazi ya kusomewa, yenye heshima yake. Wangapi kati yenu mnamjua kijana anayeisoma?

Wala tusidhani kwamba aliyechagua daktari amemaliza kuchagua. Denis Mukwege wa Bukavu alisoma udaktari Bujumbura, na nia yake ilikuwa kutibu watoto. Alipofika hospitali ya Lemera aliona akina mama wakifa kwa kuzaa. Akageuza njia, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Jean-Jacques Muyembe naye ni daktari, lakini alichagua darubini na vijidudu. Mwaka 1976 alifika Yambuku na kuchukua damu ya wagonjwa wa ugonjwa usiokuwa na jina bado, ambao leo twauita Ebola. Ugonjwa huo ulipoingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, na mwaka uliofuata ukafika hata Pinga katika Walikale, dawa mojawapo iliyoonyesha nguvu ilitokana na kazi yake na wenzake. Mmoja alishika kisu, mwingine chupa ya damu. Nani atasema huyu ni mkubwa kuliko yule?

Basi kijana, jibu letu ni hili. Kabla baba hajalipa hata faranga moja, nenda kituo cha afya cha kwenu, omba ruhusa, ukae juma zima ukitazama. Ukaribie kitanda cha uzazi, labo, chumba cha dawa. Jiulize: je, nastahimili damu? Napenda kusema na wagonjwa, au napenda kupima kimya kimya? Naweza kukesha? Kisha jua njia. Shule za ITM zinafundisha uuguzi tangu sekondari. ISTM, kama ile ya Goma, inaendeleza wauguzi, wakunga na watu wa labo. Udaktari ni wa chuo kikuu, na si chini ya miaka sita. Na uulize kwanza kama shule inatambuliwa na Serikali, maana wauza vyeti ni wengi.

Ninyi wazazi, acheni kuchagua kwa ajili ya sifa ya ukoo. Mkunga mmoja anayekubali kukaa kijijini anaokoa wengi kuliko daktari anayetafuta kazi mjini.

Na Serikali isikie pia. Wauguzi wengi wa vijijini hawamo katika orodha ya mishahara. Wanakula kile mgonjwa alichotoa mfukoni. Hatuwezi kumwambia mtoto wetu achague kazi ambayo nchi yake haitaki kuilipa. Fedha haikosekani. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yasema asilimia 15 ya ada ya madini iende kwa sekta, shefri na miji yanakochimbwa. Kasiteriti ya Walikale inatoka kila siku kwa malori. Twauliza wakubwa wa sekta: fedha hiyo imesomesha wakunga wangapi? Imesomesha watu wa labo wangapi? Tunataka hesabu hadharani, mbele ya wananchi.

Babu zetu walinyimwa kuchagua. Mtoto wa mchimba koltani amekuja kuchagua. Tusimcheke, wala tusimfungie mlango. Tumwonyeshe milango yote, na kila mlango tuulipe.