ALIYELEWESHWA HAKURIDHIA

Kila mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa viwanda vya Kibaha wanapokwisha kupokea mishahara yao, vilabu vya Maili Moja hujaa watu. Kisarawe nako, msimu wa korosho ukifika na fedha zikaingia mikononi, hazikosekani ngoma, arusi na mikesha ya vigodoro. Hatuandiki leo kuwalaumu watu kwa kujifurahisha, maana mtu aliyekula jasho lake ana haki ya kuketi na wenzake. Twaandika juu ya yule aketiye kati yao hali amekusudia uovu: yule atiaye dawa katika kinywaji cha binti wa watu, au amjazaye pombe kali gilasi baada ya gilasi, ili fahamu zikimtoka amtende apendavyo.

Uovu huu si mgeni. Wazee wetu waujua mranaha, mmea wenye ua jeupe mfano wa baragumu na tunda la miiba, na wajua ya kuwa mbegu zake humpoteza mtu akili. Leo mhalifu hana haja ya kwenda porini. Anavyo vidonge vya usingizi, navyo vikisha kuyeyuka katika bia au maji ya matunda huenda visionekane wala visitambulikane kwa ladha. Walakini tusidhani kwamba silaha yake ni vidonge tu. Silaha itumikayo zaidi kuliko zote ni pombe yenyewe, kama vile gongo iliyomiminwa kwa siri katika chupa ya soda.

Lakini linalotuudhi zaidi ya ujanja wa mhalifu ni swali tunalomwuliza aliyedhulumiwa. Huko Nairobi uhalifu wa kutilia watu dawa vilabuni umezoeleka hata ukapewa jina, “mchele,” na wengi waliopatwa nao ni wanaume waliozinduka asubuhi hawana simu wala fedha. Mwanamume wa namna hiyo, hata akiwa mtu wa hapa kwetu, majirani watamcheka kidogo, kisha watafuatana naye kituoni kumtafuta mwizi. Hakuna atakayemwuliza alivaa nini. Bali binti akizinduka katika chumba asichokijua, swali la kwanza ni hili: “Nawe ulifuata nini huko?” Aliyeibiwa mshahara ana haki, na aliyedhulumiwa mwili wake ana kosa! Hiyo ni mizani gani, ndugu zetu?

Baadhi yetu tuliosomeshwa katika shule za misheni twakiri kwamba tulifunzwa ulevi kuwa dhambi ya mnywaji, wala hatukufunzwa kuuliza ni nani aliyemimina. Sheria ya nchi yetu huuliza. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu chasema wazi kwamba ridhaa iliyopatikana wakati mwanamke amelewa kwa dawa au kitu chochote alichopewa na mwanamume huyo, au na mtu mwingine, haimwokoi mwanamume na kosa la kubaka, isipokuwa ithibitishwe kwamba wawili hao walikuwa wamekwisha kupatana kabla. Na adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30.

Wala mhalifu si lazima awe mgeni wa kilabuni. Desemba 2024, mahakama ya mji wa Avignon, Ufaransa, ilimfunga Dominique Pelicot miaka 20. Kwa karibu miaka 10 alikuwa akimtilia mkewe dawa katika chakula na kinywaji, nyumbani mwao, na kuwaita wanaume wengine wamwingilie. Wanaume 50 walitiwa hatiani pamoja naye. Mkewe, Bi. Gisèle Pelicot, alikataa kesi isikilizwe faraghani. Alitaka aibu iwarudie walioitenda. Kwetu sisi aibu hiyo bado twamtwika binti, na hapo ndipo tunapotaka kusema na wanachama wenzetu.

Tangu siku za TANU balozi wa nyumba kumi ndiye anayegongewa mlango kwanza. Tumesikia mara nyingi juu ya mashauri ya namna hii kumalizwa ukumbini kwa wazee: mbuzi mmoja, fedha kidogo, na maneno ya kwamba tusiwaaibishe watu wa nyumba mbili. Hayo si mapatano. Ubakaji ni jinai, na hakuna balozi, mzee wala katibu wa tawi mwenye mamlaka ya kuisamehe.

Tena saa zinazopotea katika kikao ndizo saa za ushahidi. Dawa nyingine hutoka mwilini katika muda wa nusu siku tu, na kupima mkojo wa mapema ndiyo njia bora ya kuzigundua, kwa hiyo aliyepatwa asingoje mpaka kesho. Asioge, wala asizifue nguo alizokuwa amevaa, bali azihifadhi katika mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizo ya Ukimwi sharti zianze kabla ya saa 72 kupita, na zikianza mapema ni bora zaidi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 hutolewa kituoni. Kwa watu wa Kibaha kuna hospitali ya Tumbi, na kwa wa Kisarawe kuna hospitali ya wilaya.

Na wahudumu wa vilabu, ambao huona mengi kuliko sisi, wakimwona binti aliyekunywa kidogo akipepesuka na ulimi kumwia mzito, wasimwachie mwanamume asiyemjua ambaye ghafla amejaa huruma ya kumpeleka nyumbani. Wamwite shoga yake au ndugu yake, na gilasi ile waiweke kando, wasiioshe.

Twajua kwamba kutoka Maneromango au Mzenga mpaka hospitali, tena usiku, si safari ndogo, na nauli ya bodaboda si kila mtu anayo. Tungependa kusikia kwamba kila tawi la Kisarawe limetenga nauli hiyo kabla ya fedha za korosho kuanza kulipwa.