Chuoni Hakuna Apigaye Filimbi

Askari anayejiandikisha katika chuo kikuu hudhani kwamba nidhamu anayo tayari. Ni kweli anayo, lakini nidhamu ya kambini huanza kwa filimbi na kuishia kwa amri. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada za biashara na ualimu kwa wanafunzi wa nje, mtu mwenye kazi yake alifunguliwa mlango asome bila kuishi chuoni. Mlangoni hapo hapakuwekwa sajini.

Barry Zimmerman, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi anayejiongoza hujiwekea shabaha kabla ya kufungua kitabu, hujichunguza awapo kazini, kisha hujihukumu amalizapo. Wengi wetu hushika hilo la kwanza na kuyaacha yaliyosalia.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kulisoma daftari lile lile mara kumi na kujiona umeelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu huko St. Louis. Waliosoma makala mara mbili waliongoza baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walikumbuka asilimia 42 tu, hali wenzao, waliosoma mara moja kisha wakaandika waliyoyakumbuka bila kutazama, walikumbuka asilimia 56. Askari hana haja ya kushangaa. Hakuijua bunduki kwa kusomewa habari zake, bali kwa kuifungua na kuiunganisha mwenyewe, hata gizani.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu wanafunzi peke yao. Mtu anayebadilishiwa zamu pasipo taarifa, leo usiku, kesho alfajiri, atajipangiaje saa ya kusoma? Hawezi kujiongoza asiye na saa hata moja iliyo yake. Wakuu wanaojivunia askari wenye shahada hawana budi kubandika orodha ya zamu wiki moja kabla. Jambo hilo haliigharimu serikali hata senti.

Nawe ndugu askari, ukiipata saa hiyo, funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike unachokijua. Pale kalamu itakapokwama ndipo pa kuanzia usiku huo.