Askari, mapenzi na Kiswahili cha Kampala

Mfanyabiashara wa Mwanza au Nairobi akisalimia kwa Kiswahili katika soko la Owino, mama mtu mzima anaweza kumjibu kwa Kiganda huku amekunja uso. Si kiburi. Sababu imo katika riwaya.

Waiting ya Goretti Kyomuhendo, iliyotoka 2007, inasimulia familia moja ya magharibi mwa Uganda mwaka 1979. Askari wa Idi Amin wanakimbia wakipora, wa Tanzania wako nyuma yao, na majeshi yote mawili yanasema Kiswahili. Mna hofu ya kulala nje usiku, siri za nyumbani, na msichana anayempenda askari mgeni.

Wapo wanaodai hadithi za mapenzi hupoteza muda. Basi, kwenye foleni ya Busia muda wa kupoteza upo tele.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi mzuri, lakini waraka haufuti kumbukumbu ya bunduki. Mama yule wa Owino huenda mwaka 1979 alikuwa mtoto, akilala migombani na wazazi wake.